Mfadhili wa Nanyori

Ngarenanyuki
2 Februari 2003

Mwanangu Nanyori,

Bwana asifiwe. Huku sote wazima, isipokuwa nyanya. Ukungu uliingia wiki ya pili ya Januari, na zile ulizoziacha zikianza kuiva sasa ni nyeusi mgongoni. Nimepiga dawa mpaka bomba limechoka kabla yangu. Hatukupata hata tenga moja la kumpakilia Bariki kwenye lori lake. Usilie, ukungu hauna mahakama ya kuushtakia.

Najua chuo kinataka ada ya muhula huu wa mwisho, na bila ada hawatakupa namba ya mtihani. Kuna mtu wa Usa River anaitaka ile ekari yangu ya mferejini. Alikuja na viatu vyeupe akaikanyaga kana kwamba imeshakuwa yake. Kaka yako Elirehema amenuna, hata salamu anaitikia kwa kidevu. Nimemwambia shamba halijui kusoma, wewe unajua, kwa hiyo liuzwe shamba.

Neno moja tu. Nasikia wanafunzi wa mjini wanafanya vibarua, wengine mpaka kwenye baa. Kazi yako ni kitabu. Mimi baba yako niko hai, na siku nitakayosikia mwanangu anajitafutia ada mwenyewe, ekari hiyo nitaiuza hata kwa bei ya mbuzi.

Barua hii anayo Bariki. Usimpe chai, nimeshampa maboga.

Ni mimi baba yako,
Sifael Akyoo

*

Ngaramtoni, Arusha
8 Februari 2003

Baba mpendwa,

Shikamoo. Poleni na nyanya. Nimesoma barua yako mara mbili, na nikaja kucheka hapo kwa Elirehema na kidevu chake, nisamehe.

Usiuze ekari. Nakuomba, Baba, huyo wa viatu vyeupe mwambie arudi alikotoka. Nusu ya ada imelipwa, risiti nimeikunja humu ndani uione kwa macho yako. Nusu iliyobaki wamenipa mpaka mwisho wa Aprili.

Usiniulize sana. Yupo mama mmoja wa Kanada, anaitwa Mama Edith, mjane. Tunaandikiana kwa kompyuta kwenye duka la Bi Zahabiya pale karibu na soko kuu, watu wanapokwenda kusoma barua zao za mtandao. Fedha zimetoka kwake. Si mambo ya baa, wala si jambo la kunifanya niinamishe uso nikija nyumbani.

Msalimie Elirehema na shemeji. Mwambie anune kidogo kidogo, asije akaishiwa.

Mwanao,
Nanyori

*

Ngarenanyuki
24 Februari 2003

Mwanangu Nanyori,

Bwana asifiwe sana. Kumbe umepata mfadhili na unaniambia kwa kunong'ona! Risiti nimeisoma, nikampa Elirehema akaisoma, tukaipeleka kwa Mwalimu Pudensiana naye akaisoma. Viatu vyeupe nimemwambia ekari haiuzwi.

Jana Jumapili nimetoa shukrani. Nilipeleka jogoo mwekundu na mkungu wa ndizi. Kwenye mnada wa sadaka nje ya kanisa jogoo alinunuliwa akarudishwa sadaka, akanunuliwa tena akarudishwa, mara tatu, mpaka nikamhurumia. Nilisimama mbele ya usharika mzima nikasema mama wa Kanada amemwonea huruma binti yangu na anamlipia chuo. Mwinjilisti alimwombea Mama Edith kwa jina. Watu walilia, na mimi nikalia, na sikuona haya.

Sasa nipe anwani yake. Mfadhili lazima ashukuriwe na wazazi. Unamkumbuka yule mtoto wa jirani aliyekuwa analipiwa na Wajerumani? Walikaa mwaka mzima bila barua kutoka nyumbani kwake, wakadhani mtoto hana watu, wakamwacha kidato cha tatu. Mimi sitaki kulaumiwa kwa uvivu wa kalamu.

Baba yako,
Sifael Akyoo

*

Ngaramtoni
1 Machi 2003

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mlivyoshangilia, na nimejisikia vibaya kidogo kwa ajili ya jogoo. Ila usihangaike kuandika. Mama Edith ni mtu mwenye shughuli nyingi, shukrani zako nitamfikishia mwenyewe.

Nimempa Bariki kilo mbili za sukari na ile dawa yako ya magoti. Nimezifunga pamoja kwenye bahasha kubwa ya kaki, nilikosa mfuko. Masomo yamepamba moto, nisipoandika wiki mbili usiwe na wasiwasi.

Mwanao,
Nanyori

*

Ngarenanyuki
9 Machi 2003

Mwanangu,

Bwana asifiwe. Dawa imeshuka mpaka kwenye vidole, asante.

Wewe una haya kama marehemu mama yako, lakini Mungu hafichwi. Nilipokunjua ile bahasha ya sukari nikaona kwenye pembe jina la Mama Edith na anwani yake kamili, na stempu yenye ndege. Mwalimu Pudensiana ameniandikia Kiingereza kizuri, mimi nikatia sahihi, mwenyekiti akatia muhuri wa kijiji. Tumeweka na ile picha ya harusi ya Elirehema, wewe ni wa tatu kutoka kushoto, nimekuchorea mshale. Bariki ameiposti Usa River siku ya Ijumaa.

Nimemweleza kwamba wewe ni mwanafunzi wa miaka ishirini na mbili, unakaa chumba kimoja na wenzako wawili, huna kazi yoyote, na bila huruma yake ungekuwa unachuma nyanya huku. Nimemwambia mimi si mtu wa kuomba, kwa hiyo sikuomba kitu. Nimemshukuru tu.

Nina amani sana moyoni. Soma kwa bidii.

Baba yako,
Sifael Akyoo

*

Ngaramtoni
15 Machi 2003

Baba,

Shikamoo. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini.

Mama Edith si mfadhili. Ni mwajiri wangu. Babu yake alikuwa mkulima, akaacha madaftari thelathini aliyoandika kwa mkono, kila siku ya maisha yake shambani: mvua, ng'ombe, viazi, nani amezaliwa. Yeye anataka yachapwe yawe kitabu cha ukoo wao. Alitangaza kazi kwenye mtandao, nikaiomba, nikapimwa, nikapata. Ananitumia picha za kurasa, nachapa, namrudishia, ananilipa kwa ukurasa. Kurasa zilizofifia sana alizitoa nakala akaziposti, ndiyo ile bahasha. Nafanya hivyo kila siku kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili, kabla Bi Zahabiya hajafungua duka kwa wateja, halafu nakwenda darasani. Hakuna mtu aliyenionea huruma, Baba. Nimefanya kazi.

Sikukuambia kwa sababu uliapa kuitupa ekari ukisikia najitafutia ada. Ulipoita ufadhili nikanyamaza, nikaona heri ekari ipone.

Na mimi nina uongo mwingine mbaya zaidi. Nilipoomba kazi nilimwambia Mama Edith kwamba sisi ni ofisi ya makarani wanne: mmoja anasoma, mmoja anachapa, wawili wanakagua. Niliogopa hatampa kazi msichana mmoja wa Arusha. Sasa barua yako inakwenda kumwambia kwamba sina kazi yoyote, ina muhuri, na ina picha yangu yenye mshale. Madaftari tisa yamebaki. Ndiyo nusu ya ada hiyo. Akiyaondoa, sina namba ya mtihani, na wewe utamfuata mtu wa viatu vyeupe.

Nimekukasirikia, Baba. Ni mara ya kwanza kukuandikia neno hilo. Nimejikasirikia mwenyewe zaidi.

Nanyori

*

Arusha mjini
12 Aprili 2003

Mzee wangu Sifael,

Salaam sana. Hunijui. Mimi ni Zahabiya, mwenye duka la kompyuta anakofanyia kazi binti yako. Nimemwomba dereva wa nyanya akufikishie hii. Nanyori hajui kama naandika, na akijua atanuna, basi anune.

Mwezi mzima hujamjibu mtoto. Na yule mama wa Kanada naye kanyamaza, wiki mbili sasa. Kila asubuhi Nanyori anafungua kompyuta, anatazama, hakuna kitu, anafunga. Halafu anafagia duka langu. Sikumwajiri kufagia. Nikimwambia acha, anasema bora mikono iwe na kazi.

Nataka nikuambie mambo mawili. La kwanza, huo uongo wa makarani wanne ni wangu. Mimi ndiye niliyemwambia aseme "sisi". Kwetu biashara ndivyo inavyoandikwa. Marehemu baba mkwe wangu alitundika kibao cha "na Wanawe" kabla hajaoa, na watu wakamwamini, wana wakaja baadaye. Niliona ni adabu ya biashara. Kumbe wenzetu walioko mbali wanahesabu vichwa kweli kweli.

La pili. Mwandiko wa yule babu nimeutazama mimi, sikuona herufi, niliona mikia ya panya. Wachapaji wawili wa nchi nyingine walishauacha kabla ya Nanyori. Nikamuuliza, wewe unausomaje? Akatoa barua zako kwenye mkoba. Akasema, "Baba yangu anaandika hivi hivi. Alifundishwa misheni, na kila jioni ya likizo alinikalisha ninakili Zaburi kwa mwandiko huo, nikikosea mkia narudia." Mzee wangu, nimezitazama barua zako, ni mikia ileile ya panya. Sasa wewe mwenyewe niambie nani amemlipia huyu mtoto ada.

Mjibu. Nimelea wanne, najua mtoto anayesubiri anavyofanana.

Zahabiya

*

Ngarenanyuki
21 Aprili 2003, Jumatatu ya Pasaka

Mwanangu Nanyori,

Bwana amefufuka. Nimekaa na barua yako zaidi ya mwezi. Hasira yangu haikuwa kwako. Kila nilipokamata kalamu nilikumbuka nilivyosimama kanisani nikalia, nikimshukuru mtu ambaye hajatoa, na aliyetoa akiwa Arusha hajanywa hata chai. Nilijiona mjinga mzee. Mtu mjinga anaweza kukaa kimya muda mrefu sana.

Nisamehe kwa ile barua ya Kanada. Nilitaka kukujengea, nikakubomolea. Hata hivyo uongo wa watu wanne sikusifu. Ungesema wewe ni mmoja, na akikukataa, akukatae mmoja aliye mkweli. Lakini najua nani aliyekufundisha kuogopa kusema kweli. Nilikuapia kwa ekari ukiwa na shida. Baba hamwapii mtoto hivyo, na nimekifuta kile kiapo.

Bi Zahabiya ameniandikia. Nilipofika kwenye habari ya Zaburi ilibidi nitoke nje nikatazame mbuzi. Nilikuwa nakurudisha kwenye ile mikia kwa ukaidi tu, kwa sababu na mimi nilirudishwa. Sikujua kama ni mali.

Mtu wa Usa River amerudi. Nimemwambia aje tarehe thelathini. Ikifika hiyo tarehe bila habari nzuri nitauza, na safari hii si kwa kiapo. Nitauza kwa sababu wewe umeshafanya sehemu yako, na sehemu iliyobaki ni yangu.

Kula kitu asubuhi kabla ya kwenda huko dukani.

Baba yako,
Sifael

*

Ngaramtoni
26 Aprili 2003

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na tena shikamoo. Barua hii nimemwambia Bariki asiiweke kwenye nyanya, aiweke mfukoni, akufikishie leo leo. Usiuze ekari. Alhamisi nimemaliza kulipa ada yote na namba ya mtihani ninayo.

Mama Edith ameandika. Barua yako ilifika, akaiweka mezani pamoja na picha, akakasirika siku nyingi. Si kwa sababu mimi ni mwanafunzi. Alikasirika kwa sababu alidhani kila ukurasa wa babu yake umepita mbele ya macho ya watu wanne, kumbe ni macho yangu mawili. Basi akamketisha mpwa wake, wakachukua kurasa arobaini nilizochapa, wakazilinganisha na madaftari mstari kwa mstari. Wamekuta makosa matatu. Mawili ni yangu. La tatu ni la babu mwenyewe, alimwandika ng'ombe mmoja kwa majina mawili, na mimi nikayaacha kama yalivyo. Akaniandikia, "Makarani wanne wasingefanya vizuri zaidi, lakini ulinidanganya, na hilo sikulipenda." Nikamwomba radhi bila kujitetea, na wala sikumtaja Bi Zahabiya. Amelipa kurasa zote za Machi alizokuwa amezizuia, na madaftari yaliyobaki amesema ni yangu.

Baba, ulinikasirisha, lakini kama usingeandika ningekuwa bado watu wanne mpaka leo, na sikuwa nalala vizuri. Nakushukuru. Nakushukuru na kwa Zaburi, ingawa wakati ule nilikuchukia kila jioni. Siku hizi nikifungua daftari la yule babu nasikia kama wewe unasema. Mwaka mmoja viazi vyake vyote viliingia ukungu, akaandika mstari mmoja tu: leo hatukuvuna, tumeimba. Nilipouchapa huo nililia, nikafuta kibodi ya watu.

Kuna jambo sijui utalipokeaje. Mwishoni mwa barua Mama Edith alisema ameguswa sana na maneno yako, na kama nikikubali, ananipa iliyobaki ya ada kama zawadi, niache kuchapa, nisome tu. Nilikaa na maneno hayo siku mbili. Halafu nikamshukuru kwa moyo wangu wote, nikamwambia hapana, anilipe kurasa. Akakubali, akanitangulizia malipo ya madaftari yaliyobaki, ndiyo niliyomalizia ada. Usharika wote umemwombea kama mfadhili, na mimi ufadhili wenyewe ulipokuja nimeukataa. Watasema nina kiburi. Nataka kujua wewe utasemaje.

Mwanao,
Nanyori

*

Ngarenanyuki
5 Mei 2003

Mwanangu Nanyori,

Bwana asifiwe. Umeniuliza nitasemaje. Nimeshasema, na si kwako tu.

Jana Jumapili baada ya matangazo nilimwomba Mwinjilisti nafasi. Alidhani nimepata mfadhili wa pili. Nikasimama palepale niliposimama Februari, nikawaambia, "Niliwaambia mama wa Kanada anamlipia binti yangu chuo. Nilikosea. Anayemlipia Nanyori chuo ni Nanyori." Nikawaeleza kazi yenyewe, saa kumi na mbili asubuhi, madaftari, mikia ya panya. Halafu mama mmoja wa kwaya akaanza wimbo bila kuagizwa, na mnadani watu walinunua hadi maboga mabovu. Wapo watakaosema una kiburi. Waambie umekitoa kwangu, kinazidi kukua kikipandwa mjini.

Mama Edith nimemwandikia tena, safari hii nimekuomba ruhusa kwanza, maana barua yenyewe iko humu, haijafungwa. Isome, ukiona inafaa itume. Nimemshukuru kwa kukupa kazi na kwa kukukasirikia kama mtu mzima. Nimemwambia babu yake na mimi tungeelewana.

Sasa la ekari. Mtu wa viatu vyeupe alikuja tarehe thelathini kama tulivyoagana, nikamwambia ina mwenyewe. Akauliza nani, nikamsindikiza mpaka njiani. Ijumaa nikawaita wazee watatu wa ukoo na mwenyekiti wa kitongoji, nikawakalisha ukingoni mwa mfereji. Unajua kwetu binti hapewi shamba. Mzee mmoja akasema, huyu si ataolewa aondoke na mali ya ukoo? Nikamwambia Nanyori anaweza kuondoka, ila ekari haina miguu. Ingekuwa imeshauzwa mara mbili mwaka huu, na aliyeizuia mara zote mbili ni yeye. Niliogopa kidogo kumtazama Elirehema, lakini yeye ndiye aliyechukua kalamu kwanza akatia sahihi, halafu wazee wakafuata, mwenyekiti akapiga muhuri. Karatasi ninayo mimi kwenye Biblia. Imeandikwa jina lako lote, Nanyori Sifael Akyoo, kwa mkono wangu.

Fanya mtihani kwa utulivu, usije nyumbani kabla hujamaliza. Zamu yako ya maji ya mfereji, ya kumwagilia ekari yako, ni Alhamisi, tangu alfajiri mpaka saa nne. Wiki hii nitakufungulia mimi.

Baba yako,
Sifael